Kwa Nini Saa ya Desemba Huwa Ghali Kuliko ya Februari

Kila mwaka ikifika Februari, hurudi dukani kwetu mteja aliyenunua saa wakati wa sikukuu, akiwa ameona saa ya aina ileile kabatini kwa bei ya chini, na huamini kwamba tulimwibia. Safari hii mmoja wao alisema hivyo mbele ya wateja wengine, na kwa kuwa jina la duka ndilo linalotulisha, tumeona vyema kueleza bei hizi zinavyokwenda.

Saa nyingi tunazouza ni za Rolex, Omega na Tudor zilizokwisha kuvaliwa, na bei yake hufuata ile tuliyonunulia. Desemba karibu hakuna anayeuza saa yake: kuna harusi, kuna zawadi, na ndugu waliotoka ughaibuni wanataka kurudi na kitu mkononi. Januari shule zinafunguliwa, ada na kodi ya nyumba vinadaiwa kwa pamoja, na watu walewale waliokuwa wakikataa kuuza huja wenyewe asubuhi, saa ikiwa imefungwa kwenye leso. Ifikapo Februari kabati limejaa na wanunuzi wameadimika, nasi tunaweza kupunguza bila kula hasara. Kwa saa iliyotumika, basi, kipindi cha kuanzia katikati ya Januari hadi mwishoni mwa Machi ndicho tunachomshauri kila asiye na haraka. Aliyenunua Desemba alilipa bei ya Desemba, kama sisi tulivyoilipa kwa aliyetuuzia.

Saa mpya zina kalenda nyingine. Kwa miaka ya karibuni Rolex imekuwa ikitoa bei mpya tarehe 1 Januari, na kwa kawaida bei hizo hupanda, kwa hiyo anayenunua kwa wakala aliyeidhinishwa hapati faida yoyote kwa kusubiri mwaka mpya. Kisha, Aprili au siku chache kabla yake, hufanyika maonyesho makubwa ya Geneva ambako kampuni nyingi hutangaza saa mpya na kuacha kutengeneza baadhi ya zile za zamani. Wengi hungoja tangazo hilo wakidhani saa iliyoachwa itashuka bei. Kwa saa zinazogombewa mambo huwa kinyume: Rolex ilipoacha kutengeneza Submariner ya kijani, ile wapenzi wa saa waliyoiita Hulk, mwaka 2020, bei yake mitaani ilipanda. Aliyenunua saa iliyotumika mwanzoni mwa 2022, bei zilipofika kileleni duniani kote, hakuokolewa na kufuata msimu.

Linalotusikitisha zaidi ni njia ya mkato ya Desemba, yaani kumwagiza mtu anayetoka Dubai aje ameivaa saa mkononi. Tunajua kwa nini inavutia. Kule VAT ni asilimia 5 na mtalii hurudishiwa sehemu kubwa yake anapoondoka, ilhali hapa Tanzania ni asilimia 18, tena baada ya ushuru wa forodha. Lakini saa nyingi zinazokuja kwa njia hiyo hazina risiti wala kadi ya dhamana, na nyingine hazikutoka kwenye duka la wakala hata kidogo. Mteja mmoja alituletea Omega Seamaster aliyoinunua hivyo kwa furaha kubwa, ikiwa na ukungu ndani ya kioo baada ya kuogelea nayo Kigamboni mara moja tu. Tulipofungua mfuniko wa nyuma, mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka na kupasuka, ufito wa kitufe cha pembeni cha kujazia saa umeshika kutu ya rangi ya chungwa, na mafuta yamegeuka gundi nyeusi kwenye vito, yaani vijiwe ambamo ncha za magurudumu huzungukia. Kwenye kipimo cha mwendo gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku na kuongoza mwendo wa saa, lilikuwa likiyumba nyuzi 180 hivi, wakati kwenye saa nzima ya aina ile, ikiwa imejazwa, huyumba nyuzi 270 au zaidi. Sevisi pamoja na vipuri ilimeza punguzo lote alilopata, ikaongeza na juu yake, na ile saa alikaa bila kuivaa kwa wiki kadhaa akisubiri vipuri.

Ndiyo maana hatushindani na bei za mitaani, hata Februari. Kila saa iliyotumika inayoingia kwetu hufunguliwa, namba zake hulinganishwa na karatasi zake, mipira hubadilishwa, kisha hupimwa kwa shinikizo na kuachwa itembee siku kadhaa kabla ya kuwekewa bei. Kazi hiyo imo ndani ya bei, na risiti yetu huitaja.

Mwenye harusi ya Juni au Julai na aje Februari, atuambie anataka saa gani na ana kiasi gani. Tutamtafutia wakati wauzaji bado wapo, na akitaka aje na fundi wake asimame naye mezani tunapofungua mfuniko.