Barua ya wazi kwa wanachuo wa ualimu wa awali mnaokuja kuwatazama watoto wetu wakicheza

Wajukuu zangu,

Nasikia mtatawanyika Pasua, Majengo na Njoro na fomu mkononi, kuchunguza jinsi mchezo huru wa nje unavyomfundisha mtoto mdogo kuishi na wenzake. Karibuni Moshi. Ila kabla hamjaanza kutia vema kwenye visanduku, nisikilizeni.

Visanduku vingi vya namna hiyo asili yake ni Mildred Parten, Mmarekani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1932. Aliwatazama watoto wa chekechea mmoja mmoja, dakika moja kila mara, akawapanga: anayecheza peke yake, anayewatazama wenzake, wanaocheza bega kwa bega kila mmoja na lake, hadi wanaogawana kazi. Mpangilio mzuri, nami nimeufundishia. Lakini dakika moja haitoshi kuona ugomvi unavyoanza na unavyoisha, na mnachokitafuta kimo humo.

Chukueni kombolela. Mtafutaji anadai kamwona fulani nyuma ya mgomba. Fulani anakana: umetaja jina la mwenzangu! Mchezo unasimama. Kelele, mmoja anatishia kwenda kwao, mwingine anasema, "Basi turudie." Mara wameshajificha tena, na mwenye fomu kaandika "ugomvi: 1" akafunua ukurasa. Andikeni nani alilegeza msimamo, suluhu ilitoka kwa nani, ilichukua muda gani. Mtoto akisusa, mchezo unaweza kufa, naye bado anautaka. Hapo anajifunza kumeza hasira bila mtu mzima kumhubiria. Kwa hiyo msiwaamulie. Mkiamua, mtakuwa mnapima busara yenu wenyewe. (Jiwe likiokotwa, fomu chini, ingieni.)

Mtazameni pia yule mdogo aliyeletwa kwa sababu dada yake kaagizwa amwangalie. Wakubwa humtungia sheria yake: kwenye rede anarushiwa mpira taratibu, na akipigwa hatoki. Hilo hamtaliona kwenye darasa la watoto wa rika moja, hata mkae wiki nzima.

Halafu msikimbilie kuandika kwamba mchezo wa nje ndio uliomchangamsha mtoto. Huenda aliyechangamka ndiye anayetoka, na mwenzake kafungiwa geti. Waulizeni wazazi nani huruhusiwa kutoka, na kwa nini. Mkiweza, mtazameni mtoto yuleyule mwanzo wa mwaka na mwisho wake, mmlinganishe na alivyokuwa yeye mwenyewe. Na msije Machi hadi Mei peke yake. Masika yetu mnayajua. Mtarudi chuoni mkisema watoto wa Pasua hawachezi.

Ruhusa ya mzazi kwanza, na mwenyekiti wa mtaa ajue mpo. Picha za watoto kwenye simu zenu sitaki kuziona, hata za kumbukumbu.

Mkimaliza, leteni majibu kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili cha kawaida. Siku mtu akija na ramani ya kujenga fremu za maduka juu ya kiwanja cha watoto, wazazi watahitaji karatasi ya kuweka mezani, na yenu ingewafaa.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu wa chekechea, Majengo, Moshi