Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Huduma Zinazozingatia Kiwewe

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulitutuma tuhakikishe vituo vyetu vya afya ya akili havimtoneshi kidonda mtu aliyekuja kutafuta nafuu akiwa na kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha. Masuala ya fedha namwachia mweka hazina.

Tulianzia langoni. Wengi walidhani mafunzo ya huduma hizi ni ya washauri nasaha na wauguzi, ilhali mgonjwa hupokewa kwanza na mlinzi, kisha karani. Kwenye kituo kimoja karani alikuwa akiuliza dirishani, foleni nzima ikisikia, "Una tatizo gani?" Mama aliyebakwa ajibu nini hapo? Siku hizi anapewa namba tu, na swali anaulizwa chumbani, mlango ukiwa wazi au umefungwa, apendavyo mwenyewe. Mlinzi naye hueleza anachotaka kupekua kabla hajamgusa mtu. Hayo hayakuhitaji mfadhili.

Tumetumia kanuni sita za mwaka 2014 za SAMHSA, wakala wa serikali ya Marekani wa afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya, kuanzia usalama hadi kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Hiyo ya mwisho lazima tuijaze wenyewe. Aliyenusurika bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, au ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mara nyingi huja akilalamikia kichwa, usingizi au moyo kwenda mbio.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwetu hili ni kubwa: mgonjwa hana tena sababu ya kushikilia kwamba dawa ya wadudu aliinywa kwa bahati mbaya.

Palipotushinda ni wodini. Kumfungia mgonjwa peke yake, au kumkandamiza kitandani ili adungwe sindano, bado kunaendelea. Wapo wanaotaka tupige marufuku mara moja. Mimi nasita: muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na wodi imejaa, tukimnyang'anya njia hiyo bila kumwongezea mwenzake, tutakuwa tumemtelekeza. Na wauguzi hao pia wana majeraha yao. Vikao vya kutua mizigo tulivyowaanzishia vilidorora kila mkuu wa kitengo alipoketi humo. Sasa wakuu wana kikao chao.

Hoja mtakayoipigia kura leo ni hii: kila tukio la kumfungia au kumkandamiza mgonjwa liandikwe, na mgonjwa mwenyewe asikilizwe ndani ya saa 24.