Barua kwa mwanangu aliyeacha tena kukimbia

Mwanangu mpendwa,

Dada yako kaniambia umeacha tena kukimbia, na kwamba ukitoka kazini unajitupa kwenye kochi hadi usingizi ukuchukue hapo hapo. Sikutaka kukupigia simu, maana utanijibu "niko sawa, mama," na hiyo "niko sawa" yako ndiyo inayoninyima usingizi. Sauti yako imepoa. Mimi ndiye niliyekuzaa, naisikia.

Kuacha sikulaumu. Nakulaumu kwa ulivyoanza. Mtu aliyekaa kitini miaka yote hiyo, siku ya kwanza anakimbia mpaka kifua kinawaka moto, kesho njia ile ile, keshokutwa njia ile ile, mpaka kuviona viatu tu ni karaha. Nani asingechoka? Wewe ukishika jambo moja hulikamua mpaka tone la mwisho. Masomoni tabia hiyo ilikufikisha mbali, na najivunia mpaka leo. Ila mwili hauendeshwi hivyo.

Changanya, mwanangu. Leo tembea, kesho funga mlango ucheze muziki peke yako, siku nyingine ogelea au panda ngazi. Najua unaamini chenye namba, basi shika hizi: Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Lile sharti la zamani la dakika 10 mfululizo liliondolewa. Hata dakika 3 zinahesabika.

Lakini mimi si dakika zinazonisumbua, ni moyo wako.

Goti liliponisumbua, mtaalamu wa viungo alinifundisha kuinuka kitini mikono nimeikunja kifuani. Wiki ya kwanza nilifika mara 4, nikashika meza. Sasa nafika 12. Nikiyachoka hayo nasimama mguu mmoja nikikunja nguo, au natembea na jirani tukiongea. Siku niliyojinyoosha hivyo, jioni sinuni, na baba yako ni shahidi. Siku niliyokaa tu, hata mlango ukibamizwa nakasirika.

Najua ni nani aliyekuwa akikuambia "tulia, kaa chini usome" kila ulipokimbia uani. Ulinitii kupita kiasi.

Na usinifiche hili: uzito huo moyoni ukizidi wiki 2, hulali vizuri, hupendi ulivyokuwa unapenda, nenda kwa daktari. Mazoezi huinua moyo, lakini si badala ya daktari. Nakuuliza tena, unalala? Nijibu kwa maandishi, usiniambie uko sawa.

Huku bomba la jikoni linavuja, baba yako kalizungushia kitambaa na anasema limepona. Mapazia ya chumba chako nimeyafua. Ile baiskeli yako ameitoa stoo, mnyororo kaupaka mafuta, tairi la mbele ndilo halina upepo. Ukija, njoo na pampu. Ya hapa mdogo wako kaipoteza.

Mama yako