Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NaMATA: baiskeli nayo ipande basi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji Kuu la Nairobi, NaMATA.

KUH: NAFASI YA BAISKELI KWENYE MABASI, MATATU NA TRENI ZA WIKENDI

Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Umoja, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Ombi langu naliweka mbele ili usihangaike kulitafuta. Kabla hamjatia sahihi ununuzi wa mabasi ya mwendo kasi, haya mnayoyaita BRT, andikeni kwenye masharti kwamba kila basi liwe na mahali pa kufungia baiskeli mbili. Na kwa kuwa mabasi hayo bado tunayangoja, kaeni sasa na vyama vya matatu na Shirika la Reli, mkubaliane nauli moja ya baiskeli kwa Jumamosi na Jumapili, ibandikwe mlangoni kila mtu aisome.

Naandikia ofisi yako, wala si ya gavana, kwa sababu safari zetu hazijui mipaka ya kaunti. Ukitoka Umoja kwenda milima ya Ngong umeingia Kajiado. Ukienda Tigoni uko Kiambu. Mamlaka yenu iliundwa 2017 kushughulikia Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Murang'a kwa pamoja, kwa hiyo hapa hakuna wa kutuambia kwamba jambo letu liko ng'ambo ya mpaka wake.

Mimi naendesha baiskeli ya milimani. Sina gari, na sina mpango wa kununua.

Jiji limetupanga vibaya kidogo. Sisi wa Eastlands tunakaa kwenye tambarare, juu ya ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Vijia vya kuendeshea viko upande wa pili wa mji. Kuna Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Kuna msitu wa Ngong Road, kuna Oloolua, kuna barabara za vumbi za mashamba ya chai ya Tigoni. Halafu kuna milima ya Ngong yenyewe, yenye kilele cha karibu mita 2,460. Kila penye mteremko wa maana pako upande jua linakozamia.

Najua swali linalofuata, maana tunaulizwa kila mara: si una baiskeli, kwa nini usiiendeshe mpaka huko? Wengi wetu huiendesha. Unapita Jogoo Road ukibanana na mabasi yanayochomoka steji bila ishara, unakatiza mjini, unaanza kupanda, na ukifika langoni mwa msitu miguu imeshakwisha kazi. Na bado kuna kurudi, jioni, gizani. Barabara ya Expressway, kilomita 27 za kutoka Mlolongo hadi Westlands zilizofunguliwa 2022, hairuhusu baiskeli hata kidogo. Thika Road angalau ilipewa njia ya baiskeli ilipokamilika 2012, ingawa siku hizi boda boda wameigeuza ya kwao. Kaunti ya Nairobi nayo ilipitisha sera mwaka 2015 ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera hiyo ni nzuri kuisoma.

Kwa hiyo tunapanda matatu, na hapo ndipo vituko huanza.

Makanga anaiangalia baiskeli kabla hajakuangalia wewe. Anaanza na tairi, anaona matope makavu, anatikisa kichwa. "Hiyo ni viti viwili, mkubwa." Kesho yake, matatu ya njia hiyo hiyo, ni kiti kimoja. Wiki ijayo ni "ongea na dereva", na dereva anakwambia uongee na makanga. Tunang'oa gurudumu la mbele, tunageuza usukani ulalie fremu, tunafunga kwa blada, tunaisukuma nyuma ya kiti cha mwisho. Sheria ya kwanza ambayo kila mgeni kwenye kundi letu anafunzwa ni kulaza baiskeli upande wa gia ukiwa juu. Ikilala upande ule mwingine, gunia moja la viazi likiiegemea, kile kichuma chembamba kinachoshika gia za nyuma kinapinda, na ukifika Ngong cheni inarukaruka kwenye kila mlima. Umelipa nauli ya watu wawili kwenda kutembea kwa miguu.

Simlaumu makanga. Hajapewa bei, hajapewa pa kuiweka, na mama aliyekaa nyuma na kikapu chake ana haki ya kulalamika kishikio cha breki kikimchoma mbavuni. Kinachokosekana ni utaratibu, na utaratibu ni kazi ya ofisi. Nafasi ipo. Njoo steji yoyote Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone matatu zilivyokaa zikipiga honi, dereva anamngoja abiria wa kumi mpaka anakata tamaa na kuondoka. Katika gari lile, baiskeli yenye nauli inayojulikana ni pesa iliyokuwa haipo.

Nikupe mfano wa Ngong, kwa sababu watu hudhani mwenye gari ana raha zote. Mwenye gari akiliacha upande wa Ngong, akapanda mgongo wa milima na kufuata vilele hadi Kona Baridi, gari limebaki kule alikotoka. Inambidi arudi kwa njia ile ile, dhidi ya upepo, na upepo wa pale si mzaha; kuna sababu ile mitambo ya kuzalisha umeme ilisimikwa pale juu. Sisi tunafika mji wa Ngong kwa matatu namba 111, tunapanda, tunaendesha mgongo mzima, tunateremka Kiserian na kurudi Nairobi kwa matatu namba 126. Hatuna cha kufuata nyuma. Ile ndiyo safari nzuri kuliko zote karibu na Nairobi, na imeumbiwa mtu wa matatu, ilimradi matatu imkubali.

Na sasa ramani yenu wenyewe ya njia za BRT. Mstari mliouita Ndovu umechorwa kuelekea Limuru. Simba unaenda upande wa Rongai. Chui unatoka upande wa Dandora na Njiru, unapita mjini, na kuishia Ngong. Yaani mmechora, bila kutufikiria hata kidogo, mistari mitatu ambayo miisho yake iko karibu kabisa na vijia vyetu, na Chui unaanzia karibu na milango ya nyumba zetu! Basi likija halina pa kuweka baiskeli, tutauona mstari huo ukitupita tu. Kuongeza nafasi hiyo kwenye mchoro ni kazi ya kalamu. Kuiongeza basi likishafika Mombasa kwa meli ni kazi ya kung'oa viti.

Reli nayo isiachwe. Reli mpya iliyofunguliwa 2019 hadi Suswa ina stesheni Ongata Rongai, Ngong na Mai Mahiu. Njia ya zamani inafika Kikuyu. Treni za abiria za Nairobi zimepangwa kwa mtu wa kazini, asubuhi kuja mjini na jioni kurudi, na sina ugomvi na hilo. Siombi baiskeli ipandishwe Jumatatu saa moja asubuhi watu wakiwa wamesimama mlangoni. Naomba behewa moja siku za mapumziko.

Haya si maajabu. Cape Town, mabasi ya MyCiTi yanapokea baiskeli bila nauli ya ziada kama kuna nafasi. Copenhagen, treni za mjini zimebeba baiskeli bure tangu 2010. Miji mingi ya Marekani ina vichanja vya chuma mbele ya basi, chini ya kioo cha dereva, na abiria anaipakia mwenyewe.

Mtu atakwambia huu ni mchezo wa matajiri, au kwamba Karura kuna baiskeli za kukodi. Za kukodi zipo, kweli, Karura. Juu ya milima ya Ngong hutazipata, wala Tigoni. Kuhusu matajiri, baiskeli tunazoendesha ni za mitumba, zile zile ambazo jirani yangu hupelekea mikate madukani kabla hakujapambazuka. Tajiri ana keria ya baiskeli nyuma ya gari lake na hahitaji barua hii. Karura haikuishia mikononi mwa wajenzi kwa sababu watu kama Wangari Maathai walikubali kupigwa langoni Januari 1999, na hawakupigwa ili msitu uwe wa wenye magari peke yao.

Anzeni na njia tatu: Ngong, Kiserian na Kikuyu, wikendi peke yake, kwa miezi michache, mhesabu baiskeli ngapi zimepanda na makanga walisema nini.

Jambo la mwisho ni la vipimo. Tairi za inchi 29 ni kubwa kuliko zile za 26 za zamani, na kichanja kilichopimwa kwa baiskeli ya mjini hakizishiki vizuri. Mafundi wenu wakihitaji baiskeli za kupimia, tutazileta za kila saizi, na matope tutayaosha kwanza. Iwe tu baada ya saa kumi na moja jioni, maana mchana tuko kazini.

Wako,
Mwendesha baiskeli wa Umoja,
Nairobi