Harambee ya bunduki za mbao: vijana wetu wa VGS wanafanya kwata na michi ya kutwangia

Assalam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, wana wa kwetu wote mlioko nyumbani na mlioko Dodoma mjini, Singida, Arusha, Dar na kokote riziki ilikowapeleka. Naandika kwa niaba ya kamati ya maliasili ya kijiji na vijana wetu wa VGS, yaani askari wanyamapori wa kijiji, na kiukweli naandika na aibu kidogo maana juzi juzi tu tumewapigia hodi kwa ajili ya mabati ya darasa la nne na mkaitikia vizuri mno, Mwenyezi Mungu awalipe, watoto sasa hivi mvua ikinyesha wanaendelea na hesabu zao. Lakini jamani hodi inapigwa tena, safari hii hatuna namna.

Tunaomba hela ya kuchonga bunduki 20 za mbao. Ndiyo, za mbao. Hazina tundu, hazitoi risasi, hazitoi hata moshi, ni za kujifunzia tu. Najua wengine mkisoma hapa mtashtuka mseme kamati imeishiwa na mambo ya kuchangisha, naomba msome mpaka mwisho halafu mseme.

Nyie mliokulia huku pembeni ya pori la akiba la Swagaswaga hamhitaji kusimuliwa tembo. Mtama ukishaanza kukaza punje wanajua kabla yetu, wanashuka usiku, na kundi likilala shambani kwako asubuhi unakuta mabua yamelala chini na kinyesi, basi. Kuna familia kitongoji cha juu msimu uliopita walilima ekari nne za mtama na uwele na walichoingiza ghalani hakikujaa magunia mawili. Kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoliwa kina fomu zake na utaratibu wake, na wakati unasubiri watoto wanataka ugali. Ndio maana vijana 38, tisa kati yao wasichana, walijitolea kuwa askari wanyamapori wa kijiji. Hawana mshahara. Wanafunga kamba zenye pilipili na oili chafu, wanatundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, wanakesha na tochi na madebe, na askari wa TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, wakija na mabomu baridi ya kufukuzia tembo hao vijana ndio wanawaonyesha njia gizani.

Sasa kazi hiyo ina silaha ndani yake, hilo halikwepeki. Wanatembea na watu wenye bunduki, wanakutana na majangili wenye bunduki, na mara kwa mara wanaokota gobore lililofichwa kwenye kichaka au mwenye nalo anakuja mwenyewe kulisalimisha kwa sababu anaogopa. Na gobore, kwa asiyelijua, ni kitu kibaya sana maana linashindiliwa kwa mdomoni, baruti na vigololi viko ndani kabisa huwezi kuviona, huna magazini (kile kisanduku cha risasi) ya kuchomoa wala mahali pa kufungua ukachungulia. Linaweza likawa limekaa juu ya dari mwaka mzima bado limejaa. Kijana akilishika kama anavyoshika jembe, mtutu umemwelekea mwenzake, tunazika.

Njoo uone wanavyojifunza sasa. Jioni kwenye uwanja wa mpira wa shule wanapanga mistari mitatu, na mikononi mmoja ana mpini wa jembe, mwingine ana kipande cha bomba la plastiki la maji, na wengi wana michi ya mama zao, mmoja juzi mchi wake ulikuwa bado una unga mweupe kichwani maana ametoka nao kinuni moja kwa moja. Mkufunzi wetu, mzee mstaafu wa jeshi anayetufundisha bure, anasema "kidole nje ya triga", na kijana anaangalia mchi wake hajui akitoe kidole wapi, kwa sababu mchi hauna triga. Anasema "mtutu chini", mchi una ncha mbili zinazofanana, mtutu ni upi? Magharibi ikikaribia kina mama wanaanza kuita kutoka majumbani, wanataka michi yao wapike, na mafunzo yanakufa hapo hapo.

Na hili la pili nalisema kwa uchungu. Kuna siku mkufunzi aliona michi haitoshi akamwomba mzee mmoja mwenye leseni aje na shotgani yake, mwenyewe akiwepo, ikafunguliwa wote wakaona haina kitu, vijana wakaanza kuipokezana waizoee. Ikaenda vizuri mkono hadi mkono mpaka ikafika kwa kijana mmoja mtiifu tu wala si mtundu, akataka kuuliza swali, akageuka na bunduki nayo ikageuka naye, mtutu ukasimama tumboni kwa jirani yake na kidole kikavuta. Ikalia "ka". Uwanja mzima ulinyamaza. Yule aliyeelekezewa alikaa chini miguu haina nguvu. Haikuwa na risasi, Alhamdulillah, ila mkono uliovuta ulikuwa haujui kama ina risasi au haina, mkono hauna macho, unafanya kile ulichozoea. Mkufunzi akairudisha kwa mwenyewe papo hapo akasema chuma cha kweli hakiguswi tena uwanjani hapa mpaka kila kijana awe amerudia mara elfu kwa kitu kisichoua.

Hicho kisichoua ndicho tunachowaomba. Kuna mambo manne ya usalama wa bunduki ambayo vijana wanatakiwa wayabebe mwilini: kila bunduki ichukulie ina risasi hata kama umeambiwa haina, mtutu usielekee kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kisiingie kwenye triga mpaka umelenga na umeamua, na ujue unacholenga na kilichoko nyuma yake. Hilo la mwisho kwetu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu usiku tembo akiwa shambani nyuma yake kuna nyumba ya mtu na watoto wamelala. Mambo haya kuyakariri ni dakika tano, ila kuyafanya bila kufikiri inataka uwe na umbo la bunduki mkononi, yenye uzito wake, yenye triga, yenye kitako kinachokaa begani, urudie na kurudia mpaka uchoke.

Tumezunguka kutafuta ya bei nafuu. Nje huko, polisi wa Marekani kwa mfano, wana bunduki za kufundishia za plastiki ngumu iliyojaa mpaka ndani, zimepakwa bluu au nyekundu ili mtu asiichanganye na ya kweli, ni nzuri sana lakini ukiweka bei yake na usafiri na ushuru, moja inatumaliza. Kuna zile za kuchezea zinazorusha vigololi vya plastiki, hizo tumezikataa, zinafanana mno na za kweli, mtu akiibeba njiani anaweza kuuawa bure, na zikianguka mara mbili kwenye kokoto zetu zimekwisha. Silaha za kweli zilizoharibiwa zisipige tena nazo zina mlolongo wake wa vibali ambao kijiji hakiuwezi. Tukabaki na seremala wetu. Na hakuna cha kuona haya hapo, jeshi la maji la Marekani kwenye vita kuu ya pili liliagiza bunduki za mbao za kwata kwa ajili ya makuruta kwa sababu za kweli hazikutosha, na Waingereza mwaka 1940 walinzi wao wa kujitolea kuna waliofanya kwata na mipini ya mifagio. Sisi tuna michi, tunataka kusogea hatua moja.

Fundi amechonga ya mfano kwa karatasi ngumu kwanza, urefu kama sentimita 87 hivi sawa na SMG (ile AK-47), kitako, triga yenye ulinzi wake, magazini ya mbao inayochomoka. Uzito ndio ulikuwa shida, mbao tupu ni nyepesi na SMG yenye magazini inakaribia kilo 4, kwa hiyo ndani ya mbao tunapachika vipande viwili vya nondo. Kuna mtu alishauri tutumie bomba la chuma, tukakataa katakata, na hapa naomba mtuelewe: huku kwetu bomba mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya linaishia kuwa gobore. Nondo haina tundu. Hakuna kitu chochote kwenye bunduki hizi kitakachokuwa na tundu, na zote zitapakwa bluu ya kuonekana mbali kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako, kila moja na namba yake, zinalala kwenye kasha la kufuli mbili ofisi ya kijiji, funguo moja kwa mtendaji na moja kwa mkufunzi, zinatoka kwa kusaini daftari na zinarudi kwa kusaini daftari. Hazitoki nje ya uwanja, hazishikwi na mtoto, hazipigiwi picha za kujionyesha.

Nasema haya kwa sababu wapo wazee walioniuliza kama tunawafundisha vijana ujambazi, na wapo kina mama wanaoogopa, na woga wao ni wa haki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni kali na sisi hatutaki kuichezea, barua imeshaenda polisi wilayani na nakala kwa mtendaji wa kata, na fundi hatagusa msumeno mpaka tupate majibu kwa maandishi. Shabaha kwa risasi za kweli kama itakuwepo itakuwa mwishoni kabisa, chini ya askari wenyewe na silaha zao, sio sisi.

Hesabu sasa. Mbao na ufundi 28,000 kwa moja, mara 20 ni 560,000. Nondo mbili za milimita 12 ni 50,000, zinakatwa vipande vya nusu mita zinatosha na kubaki. Rangi 40,000, msasa na brashi 15,000, mikanda ya kubebea 60,000, kasha na kufuli 95,000. Jumla 820,000. Mkononi tuna 265,000, na naomba mjue imetoka wapi: vijana wenyewe 38 wametoa elfu tano tano, wale wale wasio na mshahara, hiyo ni 190,000, kina mama wa vikoba 50,000 (nadhani wamechoka kuazimwa michi), na sadaka ya msikitini na kanisani kwa pamoja 25,000. Imebaki 555,000.

Ndugu zangu mlioko mjini, hapa nitasema ukweli na msinichukie. Kadi ya harusi ikija mnaandika laki, singo elfu hamsini, na vikao vya kamati mnahudhuria, na sisi hatukatai, furaha ni furaha. Ila hao vijana ndio wanaolinda mtama wa mama yako wakati wewe umelala, na Eid au Krismasi ukija ukakaribishwa ugali wa mtama na mlenda ujue kuna mtu alikesha shambani. Watu 111 wakitoa buku tano tano tumemaliza kabisa, na kwenye grupu letu tuko zaidi ya 200. Mwenye zaidi atoe zaidi, mwenye mbao kavu iliyobaki kwenye ujenzi atuletee mbao, mwenye kopo la rangi ya bluu lililofunguliwa tunalitaka, mwenye dua tunaomba dua ila dua isije badala ya hela kwa mwenye hela.

Hela itumwe kwa namba ya mweka hazina mliyotumia wakati wa mabati, ile ile, jina likitokea tofauti usitume piga simu kwanza. Kila anayetoa jina lake linaandikwa grupuni siku hiyo hiyo, asiyetaka kutajwa aseme. Risiti zote zitabandikwa ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na mapato na matumizi yatasomwa mkutano mkuu wa kijiji, ikibaki hata mia tano inaingia kwenye kamba na pilipili.

Fundi anataka nusu ya hela yake, 280,000, siku majibu ya polisi yakitoka ili akanunue mbao kabla hazijapanda. Kwa tulichonacho tumepungukiwa 15,000 tu kufika hapo. Naomba watu watatu wa kwanza waimalize leo kabla ya Isha, wengine muendelee na iliyobaki mpaka mwisho wa mwezi.