Tuulizwe pia tunalalaje

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha maoni ya msomaji aliyesema kuwa watu wanaoishi na VVU wakaruka dozi ni wazembe wasiojali uhai wao. Nimeyasoma mara tatu. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Baada ya miaka 12 ya kumeza ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, bila kukosa, niliziacha siku tatu mfululizo, na kilichoniangusha ni kukosa usingizi.

Nilianza na efavirenzi, kile kidonge cha miligramu 600 tulichoambiwa tukimeze wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu, ili kizunguzungu kitukute tumeshajilaza. Wiki za kwanza niliota ndoto kali mno, za kuamka ukiwa bado unaongea na marehemu. Kwangu zilipungua. Kwa baadhi ya wenzangu hazikupungua, na tukawaona wanadeka. Baadaye sana nikaelezwa kwamba miili ya watu wengine, kwa maumbile ya kurithi, huivunja dawa ile polepole, hivyo hujazana kwenye damu. Nawaomba radhi.

Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza dolutegraviri mwaka 2019 kuwa chaguo la kwanza, haukupita muda mrefu nami nikahamishiwa huko. Ni dawa nzuri. Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo. Ila niliendelea na mazoea ya zamani ya kumeza saa tatu usiku, maana hakuna aliyeniambia vingine. Mwezi haukuisha, usingizi ukanihama. Nalala saa nne, ikifika saa nane niko macho, nageuka huku na huku, silipati tena hata lepe la usingizi mpaka kunakucha. Nikasema ni umri, nina miaka 51. Nikasema ni ujane. Mimi ni fundi cherehani. Siku niliposhona mkono wa gauni nje ndani mara mbili, mwenye gauni amekaa pembeni ananisubiri, nililia mbele yake.

Nikanunua vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari. Nililala kweli, lakini asubuhi kichwa kizito, na sindano ya cherehani ikanipita kidoleni. Msifanye nilivyofanya, hasa ninyi ambao ARV zenu zina dawa iitwayo ritonaviri: baadhi ya dawa za usingizi zikikutana nayo hukaa mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu kupita kiasi, hata pumzi ikalegea.

Ndipo nikaacha ARV. Usiku wa tatu nililala hadi kukapambazuka, na nikaamka nikitetemeka, kwa sababu nilishajua kinachoninyima usingizi ndicho hicho hicho kinachoniweka hai.

Nilikwenda kliniki nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Muuguzi alisema tu, “Mama, umefanya vizuri kuja kusema. Unameza saa ngapi?” Swali hilo halikuwahi kuulizwa tangu nibadilishiwe dawa. Akanihamishia asubuhi, maana dolutegraviri humezwa wakati wowote, umekula au hujala, mradi wakati ni ule ule kila siku. Kwa kuwa natumia pia vidonge vya madini ya chuma, alinipangia nimeze ARV kwanza, kisha zipite saa mbili kabla ya kumeza chuma.

Nilipata nafuu, lakini haikutosha. Miezi ya kukesha ilikuwa imenifundisha kukiogopa kitanda. Mshauri akanipa kazi ngumu kuliko kidonge chochote: nikikaa kama dakika 20 sijasinzia, niondoke kitandani nikakae kwenye kiti, nirudi macho yakilegea, niamke saa ile ile hata kama nimelala kidogo, mchana nisijilaze. Akanibana nipande kitandani saa tano na nusu, niondoke saa kumi na moja na nusu, basi. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso matupu, nilimchukia. Wiki ya tano nililala moja kwa moja, akaanza kuniongezea muda kidogo kidogo. Aliniuliza pia kuhusu huzuni, kwa undani, kwani sonona nayo humwamsha mtu alfajiri, na hiyo ina tiba yake.

Wapo ambao hawawezi kuhamishia dawa yote asubuhi. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini humeza dolutegraviri mara mbili kwa siku, hivyo dozi ya jioni haiepukiki. Mtu huyo anahitaji kuulizwa zaidi kuliko mimi, na asaidiwe kwa njia nyingine kabla hajafikia kuacha.

Kadi yangu ya kliniki ina safu ya uzito, ya vidonge vilivyobaki na ya wingi wa virusi. Ya usingizi haimo. Muuguzi wangu huandika pembeni, kwa kalamu yake, saa nilizolala. Nawaomba wanaochapisha kadi hizo waiongeze safu hiyo.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani
(Jina langu mnalo, naomba lisichapishwe.)