Mheshimiwa Waziri wa Afya, ile sindano ya malaria yenye ilijaribiwa Mali muifikirie na Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo la Haut-Katanga,

Jambo Mheshimiwa. Mi ni mutu wa labo, mu sentre ya afya moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni mwepesi: natoboa kidole, naweka tone ya damu ku kioo, napaka rangi, nangojea ikauke, nachungulia, naandika malaria iko krua ngapi (krua ni alama ya kujumlisha: moja ni vijidudu kidogo, tatu ni vingi). Juzi mama mumoja alipoteza karatasi ya mutoto wake basi nikafungua rejista nitafute jina, kumbe ile jina iko mara tatu mu mvula moja. Mwezi wa kumi na mbili krua mbili. Mwezi wa kwanza tena. Mwezi wa tatu krua tatu, na ile siku naikumbuka juu nilitoboa kidole nikafinya nikafinya, damu ikatoka nyepesi sawa chai ya rangi, tukamutuma mbio lopitali batie damu. Kila mara alikunywa dawa mpaka mwisho, alipona kabisa, kisha alirudia mu parsele ileile na imbu zileile. Mustikere banayo. Lakini saa moja ya mangaribi mutoto gani iko ndani ya mustikere?

Njo maana nakuandikia juu ya kingamwili za monoklonali, yaani askari ba mwili benye banatengenezwa mu labo kisha banapigwa na sindano. Jina ni nguvu lakini kazi yake inaeleweka. Chanjo inafundisha mwili kupika bukari (ugali) yake yenyewe, inaomba muda na kurudia rudia. Hii ingine unaletewa sahani bukari iko tayari. Banganga ba Marekani balikamata kingamwili moja ku mutu mwenye alichanjwa, bakaigeuza kidogo ikae miezi mu damu, bakaiita CIS43LS. Imbu ikiuma inatema tuvijidudu kidogo mu ngozi, tunakimbilia maini, na ni pale mu njia kingamwili inatukamata, mbele tufike. Mi ku mikroskopi naona malaria ikiisha kuingia mu damu, yaani mi nakuya wa mwisho siku zote.

Mu 2022 balitoa matokeo ya Mali, ku vijiji vya Kalifabougou na Torodo. Kwa batu bakubwa dozi kubwa ilizuia maambukizi kwa asilimia 88 miezi sita yote, lakini ilipita mu mushipa, na ku sentre kama yetu, foleni inafika ku barabara, nani atapata saa ya kutundika seromu kwa kila mutu. 2024 wakaleta ya L9LS, kingamwili ingine ya namna ile, sindano ya chini ya ngozi, mara moja tu, batoto ba miaka 6 mpaka 10: karibu asilimia 70 kwa dozi ya juu. Na mbele ya yote balibapa kwanza dawa ya kusafisha damu, juu hii kitu haiponyeshi malaria yenye iko tayari ndani.

Sasa angalia, Mheshimiwa. Miezi sita. Mvula yetu hapa inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, inaisha mwezi wa ine, kisha kavu. Kule kwenye mvula inanyesha karibu mwaka muzima sindano moja haitoshi, lakini siye tuko karibu na hesabu ya Mali. Inchi yetu na Nigeria njo za kwanza kwa malaria mu dunia yote, na chanjo ya malaria ya R21 ilianza Kongo Central mu 2024, vizuri sana, lakini siye tusikae paka kungojea zamu.

Siombi uinunue kesho, bado iko mu majaribio na bei inaogopesha. Naomba jimbo iite Université ya Lubumbashi na ile shule yake ya afya ya umma, bakae, baandike, baseme majaribio ingine ikitafuta pahali tuko tayari, rejista iko, frigo iko. Frigo hapo nimedanganya kidogo. Umeme unaenda siku mbili, dawa inashinda mu glasiere ya jirani muuza samaki, hiyo nayo uitengeneze. Na orodha ya benye batapata sindano ianze na batoto benye banatoka lopitali kutiwa damu, kama ule wangu wa mara tatu.

Ukipenda kuona rejista, karibu. Kuya asubuhi lakini. Umeme ukikosa tunatumia mikroskopi ya kioo ku dirisha, na kisha saa sita jua inahamia upande ingine ya nyumba.